Kizimba cha nyoka Bukoba: Dhibiti joto kwanza, unyevu utafuata

KATIKA mwambao wa magharibi wa Ziwa Victoria, unyevu si kitu cha kutafutwa. Mji wa Bukoba, makao makuu ya Mkoa wa Kagera, hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi ambacho ni karibu mara mbili ya kile kinachonyesha Dar es Salaam. Wakati wa masika, nguo zilizoanikwa jioni huamka mbichi, chumvi hulowa ndani ya kopo, na mkulima wa kahawa hutazama mbingu kila mara kabla ya kutandaza buni yake juani.

Kutokana na hali hiyo, wengi wangedhani kwamba nyoka anayefugwa Bukoba hawezi kamwe kudhurika kwa ukavu wa hewa. Ukweli ni kinyume chake. Nyoka aliyewekwa ndani ya kizimba chenye taa ya joto aweza kukauka ngozi huku mvua ikinyesha nje, na nyoka huyohuyo aweza kuugua mapafu kwa kuloa usiku uleule, umeme unapokatika.

Makala haya yanaeleza sababu ya mambo hayo mawili yanayoonekana kupingana, na hatua ambazo mfugaji wa Bukoba na Muleba anaweza kuzichukua ili unyevu wa kizimba utulie.

Ufugaji na sheria

Kuishi na nyoka si jambo geni Kanda ya Ziwa. Upande wa pili wa ziwa, Wasukuma wana chama cha Bayeye, mafundi wa nyoka na dawa zake, ambao ngoma yao ya kucheza na chatu ni sehemu ya utamaduni unaohifadhiwa katika makumbusho ya Bujora, Kisesa, karibu na jiji la Mwanza. Kaskazini mwa nchi, bustani ya nyoka ya Meserani, iliyo kando ya barabara ya Arusha kwenda Dodoma, ilianzishwa mwaka 1993. Nchini Kenya, shamba la nyoka la Bio-Ken lilianzishwa Watamu mwaka 1980, na nchini Uganda kituo cha elimu ya wanyamapori cha Entebbe kipo kando ya ziwa lilelile linaloinyeshea Bukoba.

Sehemu hizo zote hufuga nyoka, lakini hewa zake ni mbalimbali. Meserani ni nchi kavu ya wafugaji, Watamu ni pwani ya joto na chumvi, Entebbe ni baridi ya ziwani. Maelekezo yanayofaa mahali pamoja hayawezi kuhamishwa yalivyo hadi mahali pengine. Hilo ndilo kosa la kwanza la wafugaji wengi wapya, ambao husoma vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya nyumba za Ulaya na Marekani, ambako mitambo ya kupasha joto hukausha hewa ya chumbani wakati wote wa baridi. Vitabu hivyo husisitiza kunyunyiza maji. Bukoba, maji huhitajika mara chache sana.

Kabla ya kuzungumzia kizimba, ni vema ikumbukwe kuwa nyoka ni mnyamapori. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kukamata wala kumiliki mnyamapori bila kibali. Aidha, chatu wote wa Afrika wamo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio katika hatari. Kwa hiyo safari ya mfugaji huanzia ofisi ya wanyamapori, si kwa fundi seremala.

Kadhalika, nyoka wenye sumu kama swila na kifutu hawana nafasi katika nyumba ya watu. Hata chatu, ambaye hana sumu, huweza kupita urefu wa mita nne anapokomaa na kuwa hatari kwa mtoto na kwa mtu mzima aliye peke yake. Yanayoelezwa hapa yanamhusu mwenye kibali, kituo cha elimu au bustani ya wanyama.

Unyevuanga ni nini

Unyevunyevu wa hewa, ambao vitabu vya jiografia huuita unyevuanga, ni mvuke wa maji uliomo hewani. Kipimo kinachotumiwa na wafugaji ni cha asilimia. Asilimia hiyo haielezi kiasi halisi cha maji, bali hueleza hewa imejaa kwa kiwango gani ikilinganishwa na kile inachoweza kubeba katika joto lililopo.

Hapo ndipo penye siri yote. Hewa ya moto hubeba maji mengi kuliko hewa ya baridi. Katika nyuzijoto 17, meta moja ya ujazo ya hewa haiwezi kubeba zaidi ya gramu 14.5 za mvuke. Katika nyuzijoto 24, hubeba hadi gramu 21.8. Katika nyuzijoto 30, hubeba hadi gramu 30.4, yaani zaidi ya mara mbili ya ile ya nyuzijoto 17.

Chukua usiku wa kawaida wa Bukoba. Mji huo upo kando ya ziwa lililo mita zipatazo 1,135 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto hushuka hadi nyuzijoto 16 au 17. Hewa ya nje ikiwa imejaa kabisa, yaani asilimia 100, ndani yake mna gramu 14.5 za maji.

Hewa hiyohiyo ikiingia katika kizimba na kupashwa moto hadi nyuzijoto 30, bila kuongezewa wala kupunguziwa tone, asilimia yake hushuka hadi takriban 48. Maji ni yaleyale, ila chombo kimekuwa kikubwa. Katika pembe ya baridi ya kizimba hichohicho, yenye nyuzijoto 24, hewa ileile husoma asilimia 66.

Kwa maneno mengine, taa ya joto peke yake inaweza kuigeuza hewa iliyojaa unyevu kuwa hewa kavu, na kizimba kimoja huwa na hali mbili kwa wakati mmoja.

Umeme unapokatika

Sasa tuigeuze hesabu. Mfugaji amesoma kitabu, ameona asilimia 48, amenyunyiza maji mengi hadi kipimo kimefika asilimia 70 katika nyuzijoto 30. Hewa ya kizimba sasa ina zaidi ya gramu 21 za maji kwa kila meta ya ujazo. Saa nane za usiku umeme unakatika.

Joto la kizimba linaanza kushuka. Linapofika karibu nyuzijoto 24, hewa imejaa. Likishuka zaidi, maji ya ziada hayana pa kukaa. Hugeuka umande katika vioo, katika dari ya kizimba, katika tandiko na juu ya nyoka mwenyewe. Kufika alfajiri, nyoka yumo katika nyuzijoto 18 akiwa ameloa.

Nyoka hatengenezi joto la mwili wake kama afanyavyo mwanadamu. Hutegemea joto la mazingira ili chakula kisagike na kinga ya mwili ifanye kazi. Anapopoa, kinga hiyo hulegea. Ubaridi peke yake huvumilika kwa muda, na unyevu peke yake huvumilika pia, lakini viwili hivyo vikikutana usiku baada ya usiku, ndipo maradhi huingia.

Gamba na mapafu

Dalili ya kwanza ya unyevu usiotulia huonekana wakati wa kujivua gamba. Usemi huo uliingia hata katika siasa za nchi mwaka 2011, Chama Cha Mapinduzi kilipoutumia kueleza mpango wake wa kujisafisha. Kwa nyoka mwenyewe, jambo hilo ni kazi ya mwili yenye hatua zake.

Siku kadhaa kabla ya kujivua, rangi hufifia na macho huwa na ukungu wa samawati, kwa sababu umajimaji hujikusanya kati ya ngozi ya zamani na ile mpya. Baadaye macho hung'aa tena, na baada ya siku chache nyoka husugua pua yake kwenye kitu kigumu na kutoka katika gamba. Nyoka mwenye afya huacha gamba moja zima, kutoka puani hadi mkiani, kama soksi iliyogeuzwa.

Hewa ikiwa kavu, gamba hutoka vipandevipande. Hatari kubwa ipo mahali pawili. Nyoka hana kope. Jicho lake hufunikwa na gamba angavu ambalo nalo hupaswa kuvuliwa, na lisipotoka hurundikana kila msimu na kuharibu uwezo wa kuona. Pili, gamba linaloganda kama pete katika ncha ya mkia hubana damu, na ncha hiyo huweza kufa.

Unyevu ukizidi, madhara hugeukia tumboni. Magamba ya chini hupata malengelenge, kisha hubadilika rangi kuwa ya kahawia au nyekundu na kuanza kuoza. Chanzo huwa tandiko lililoloa lisilobadilishwa. Nyoka aliyelala juu ya tandiko kavu katika hewa yenye asilimia 75 aweza kuwa salama kuliko aliyelala juu ya tandiko chepechepe katika hewa yenye asilimia 55.

Maradhi ya mapafu ndiyo yanayoua zaidi. Nyoka hana kiwambo cha misuli kinachotenganisha kifua na tumbo, hivyo hawezi kukohoa na kutoa makohozi kama binadamu. Akianza kupumua mdomo ukiwa wazi, akitoa mluzi wa pumzi, povu au ute puani, au akiinua kichwa juu kwa muda mrefu, ugonjwa umekwisha kukomaa. Hapo hakuna dawa ya kienyeji wala ya kubahatisha. Anayehitajika ni daktari wa mifugo.

Bukoba si Muleba

Pepo za mashariki na kusini-mashariki hupita juu ya ziwa, huchota mvuke na kuumwaga katika mwambao wa magharibi. Ndiyo sababu Bukoba na vijiji vya kando ya ziwa vina mvua nyingi, hasa kati ya Machi na Mei, na tena katika miezi ya mwisho wa mwaka. Juni hadi Agosti ndicho kipindi chenye mvua kidogo.

Wilaya ya Muleba, iliyo kusini mwa Bukoba, ina sura kadhaa. Ina visiwa na mwambao, ina uwanda wa juu wa Kamachumu ambako usiku huwa na baridi zaidi, na upande wa magharibi ardhi huelekea Ziwa Burigi, ambako mvua hupungua kwa kadiri mtu anavyoliacha Ziwa Victoria nyuma.

Kizimba kilichotulia mwambaoni mwezi Aprili kinaweza kuwa kikavu mno kikipelekwa upande wa Burigi mwezi Julai. Kilichotulia mchana Muleba mjini kinaweza kutoa umande usiku kikipelekwa Kamachumu. Mfugaji hana budi kupima mahali alipo, katika msimu uliopo.

Namna ya kupima

Kizimba kimoja kinahitaji vipimajoto viwili na vipima unyevu viwili, kimoja upande wa joto na kingine upande wa baridi, vikiwa katika kimo anacholala nyoka. Kipimo kilichobandikwa karibu na dari husoma hewa ya dari, si ile anayoivuta nyoka. Vipimo vya namba huaminika zaidi kuliko vile vya mshale.

Hata hivyo, kipimo kipya nacho hukosea, na njia ya kukihakiki ipo jikoni. Weka chumvi ya kawaida katika kizibo cha chupa, dondoshea maji machache hadi iwe kama uji mzito bila kuyeyuka yote, kisha ifungie pamoja na kipima unyevu ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Viache kivulini kwa saa 24 mahali pasipobadilika joto. Hewa ya ndani ya mfuko huo hutulia katika asilimia 75. Kipimo kikisoma 80, kinazidisha kwa 5, na tofauti hiyo iandikwe juu yake.

Kizimba kiwashwe bila nyoka kwa wiki mbili. Masomo yaandikwe katika daftari asubuhi, alasiri na usiku. Daftari hilo ndilo litakaloonyesha kama tatizo la nyumba hiyo ni ukavu wa mchana, umande wa usiku, au yote mawili.

Kwa chatu, upande wa joto uwe kati ya nyuzijoto 30 na 32, na upande wa baridi kati ya 25 na 27. Unyevu wa asilimia 50 hadi 70 humtosha siku za kawaida, na asilimia 70 hadi 80 anapokaribia kujivua gamba. Kupanda na kushuka kidogo ndani ya mipaka hiyo si kosa, kwa kuwa hata porini hali hubadilika. Kinachodhuru ni kuruka kutoka asilimia 40 mchana hadi umande usiku.

Mpangilio wa kizimba

Hatua ya kwanza ni joto. Taa kali iliyo juu ya kizimba hukausha hewa haraka na kuacha baridi kali inapozimwa. Mkeka wa joto au kipasha joto kisichotoa mwanga, kikiongozwa na thamostati, hutoa joto la polepole na la kudumu. Thamostati si anasa. Bila kifaa hicho, mkeka wa joto huweza kumchoma nyoka au kuwasha moto nyumba.

Hatua ya pili ni njia za hewa. Kizimba cha kioo chenye wavu juu nzima hupoteza joto na mvuke kwa pamoja. Ni afadhali wavu ufunikwe kwa sehemu kubwa, na matundu yawe mawili: moja chini upande wa baridi, jingine juu upande wa joto. Hewa huingia chini na kutokea juu bila kuwa upepo. Kuziba matundu yote ili kuongeza unyevu ni kosa, kwani hewa iliyosimama huzaa ukungu. Kizimba cha mbao hutunza joto vizuri kuliko kioo, lakini ndani kipakwe vanishi na kiachwe kikauke kabisa hadi harufu iishe, la sivyo mbao hunyonya maji na kuoza.

Hatua ya tatu ni maji. Bakuli la maji likiwekwa upande wa baridi hutoa mvuke kidogo. Likisogezwa upande wa joto hutoa mwingi. Kulihamisha bakuli ni njia rahisi ya kurekebisha unyevu bila kuloweka tandiko. Maji yabadilishwe kila siku.

Hatua ya nne ni tandiko. Magazeti hufaa kwa nyoka mgonjwa na kwa kizimba kipya, kwa kuwa uchafu na unyevu huonekana mara moja. Magome ya miti yaliyokaushwa vizuri hutunza unyevu zaidi. Maranda ya miti yenye harufu kali kama mwerezi yasitumike, kwa sababu mafuta yake hudhuru mapafu. Takataka ya shambani iliyoanza kuoza, hata ikiwa laini kiasi gani, isiingizwe kizimbani.

Hatua ya tano, na pengine yenye faida kuliko zote, ni maficho yenye unyevu. Chukua kopo la plastiki lenye mfuniko, toboa mlango unaomtosha nyoka, kisha weka ndani yake karatasi laini au kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa. Kiweke kati ya upande wa joto na wa baridi wakati macho ya nyoka yanapoanza kufifia. Nyoka ataingia akihitaji na kutoka akitosheka, na kizimba chote kitabaki kikavu. Kitambaa kibadilishwe kila baada ya siku mbili au tatu. Hivyo ndivyo afanyavyo chatu porini, anapojificha katika shimo la muhanga au kichuguu, ambako hewa haibadilikibadiliki kama ya nje.

Kujiandaa kwa giza

Kwa kuwa umeme hukatika, mpango wa dharura uwe tayari kabla. Jioni kusinyunyizwe maji. Kama kuna haja ya kunyunyiza, ifanywe asubuhi ili ziada ikauke mchana.

Umeme ukikatika, kizimba kifunikwe kwa blanketi pande tatu huku matundu ya hewa yakiachwa wazi. Bakuli la maji liondolewe upande wa joto. Chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa nguo zinaweza kuegemezwa nje ya ukuta wa kizimba. Umande ukionekana, vioo vifutwe na tandiko lililoloa litolewe usiku huohuo.

Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa sababu yoyote. Hewa yake ya sumu haina harufu, na humuua mtu kabla hajajua kinachomsibu.

Nyoka asilishwe ikiwa joto halitabiriki, maana chakula kisichosagika huozea tumboni na yeye hulazimika kukitapika. Chatu mzima aweza kukaa wiki kadhaa bila kula na asipate madhara.

Mkulima wa kibanja cha migomba anaifahamu kanuni hii kwa njia yake. Matandazo anayoyaweka chini ya migomba hayaleti maji. Huyazuia yaliyopo yasikimbie, na hukinga udongo usichomwe na jua mchana na kupoa ghafla usiku. Kizimba cha nyoka Bukoba na Muleba kinahitaji uangalizi wa aina hiyo: joto lisiloyumba, njia ya hewa iliyo wazi, tandiko kavu na mahali pamoja penye unyevu. Chupa ya kunyunyizia maji iwe kifaa cha mwisho kushikwa, na daftari la vipimo liwe la kwanza.